Mpaka Ni Kijito cha Luhwani

Cheti changu cha kuzaliwa kinasema nilizaliwa Wilaya ya Mbinga, ingawa mpaka namaliza darasa la saba sikuwahi kukanyaga Mbinga mjini. Nilizaliwa Liuli, ziwani. Baadaye wilaya ikagawanywa, upande wetu ukaitwa Nyasa, na mimi nikawa mtu wa Nyasa bila kuhamisha hata kitanda. Pengine ndiyo sababu nilipofika chuo nilipenda somo la historia ya utawala, somo ambalo wenzangu walilikimbia. Niliamini kwamba mtu akijua mpaka wake umetoka wapi, hakuna atakayemwonea.

Nilipomaliza nilipata nafasi ya kujitolea katika ofisi ya Mamlaka ya Mji Mdogo wa Lukanzi, juu milimani, ukitoka Mbinga kuelekea Litembo. Lukanzi ilikuwa kijiji cha kahawa hadi miaka kumi iliyopita, ilipopandishwa ikawa mji mdogo. Ina barabara moja ya moramu, maduka kama thelathini, kanisa na soko la Jumanne. Mtendaji wa mji, Bwana Hyasinti, alikuwa na mwaka wa pili tu pale. Alinipokea vizuri, akanipa meza yenye mguu mmoja uliofungwa kwa mpira wa baiskeli.

"Umesoma historia?" aliniuliza wiki ya kwanza ya Aprili.

"Ndiyo, bosi."

"Mwisho wa mwezi tunasherehekea miaka kumi ya mji. Nataka historia fupi ya mji huu. Tulikuwa nani, tukawa nani, mipaka yetu ni ipi. Kurasa tatu, zisizidi. Mgeni rasmi hasomi zaidi ya tatu."

Nilifurahi mno. Jioni ile nilimweleza Mama Scholastica, mjane niliyepanga chumba kwake. Alikuwa akichambua maharage kwenye ungo.

"Kwa hiyo watu wa ziwani ndio watakaotuandikia sisi historia," alisema bila kuinua uso. "Watu wanaolima maji."

"Na ninyi mnachimba mashimo halafu mnapanda nje ya shimo, mama."

Alicheka hadi maharage mawili yakaruka chini. Ulikuwa utani wetu wa kila siku. Wamatengo hulima milima yao kwa ngolo: huweka majani yaliyofyekwa katika mistari inayokatana, hufukia majani hayo kwa udongo unaochimbwa katikati, na mlima mzima hubaki na mashimo kama sega la asali. Mazao hupandwa kwenye kingo za mashimo. Mvua ikinyesha, maji huingia shimoni yakatulia, hayashuki na udongo. Nilikuwa nimesoma habari hizo chuoni. Shamba lenyewe la Mama Scholastica nilikuwa nikiliona kwa mbali tu, nikiwa barabarani: kipande cha mlima chenye mahindi mabichi, chini kule bondeni. Kila asubuhi alipotwaa jembe alisema, "Haya, naenda ng'ambo," na mimi nikaenda ofisini.

Shamba hilo ndilo lililokuwa chakula chake chote cha mwaka. Ndilo pia lililokuwa limemnyima usingizi tangu Machi.

Sheria ndogo za mji zilikataza mazao marefu ndani ya eneo la mji. Kwa miaka yote hakuna aliyejali, lakini sasa mgeni rasmi alikuwa anakuja, na shamba lile lilionekana wazi kutoka barabarani. Tangazo lilibandikwa: mahindi yote yaliyo ndani ya mpaka yafyekwe kabla ya tarehe ishirini. Waliokuwa na mahindi nyuma ya nyumba zao walikuwa wamekwisha kufyeka. Kwa Mama Scholastica Mtendaji alisita.

"Wengine wanasema liko mjini, wengine wanasema liko Kijiji cha Mahuka," aliniambia. "Sina karatasi inayoonyesha mpaka wa magharibi uko wapi. Bila karatasi siwezi kufyeka chakula cha mtu."

Maneno hayo nilipaswa kuyasikia vizuri zaidi. Mimi nilisikia kwamba kilichokosekana ni karatasi, na karatasi ndiyo kazi niliyosomea.

Katikati ya mwezi Mama Scholastica aliondoka kwenda Litembo. Binti yake Hilda alikuwa amejifungua hospitalini kwa upasuaji, akahitaji mtu wa kumhudumia. Aliniachia ufunguo na kuniambia atakaa siku nne. Niliona hizo ndizo siku zangu. Nilitaka akirudi akute shamba lake limeokolewa.

Niliuliza huku na huku, nikaelekezwa kwa Mzee Romanus, aliyekuwa mwenyekiti wa kijiji wakati Lukanzi inageuzwa mji. Alikuwa anaishi kwenye nyumba mpya ya matofali ya kuchoma, juu ya mlima. Nyumba nyingine mpya zilikuwa zimemzunguka, zote za bati la rangi. Nilimwamkia, "Shikamoo, mzee," akanikaribisha kiti, akaingia ndani, akatoka na kaunta buku lililofungwa kwa uzi wa katani.

"Ofisi ilipohamishwa vitu vingi viliibwa," alisema. "Hili nililala nalo."

Lilikuwa daftari la muhtasari wa mikutano mikuu ya kijiji. Nililifungua kwa mikono miwili. Kwenye ukurasa wa mkutano wa mwisho wa Kijiji cha Lukanzi, kwa mwandiko mzuri wa kalamu ya bluu, nilisoma: *Wajumbe wamekubaliana kwamba mpaka wa magharibi kati ya Mji Mdogo wa Lukanzi na Kijiji cha Mahuka ni kijito cha Luhwani. Wataalamu wameshauri ziwekwe bikoni. Wajumbe wamekataa. Hoja imefungwa.*

"Mlikataa bikoni kwa nini, mzee?"

Alicheka kwa kiburi kidogo. "Sisi ntambo zetu, milima ya koo zetu, tunazipima kwa vijito tangu babu wa babu. Ukoo wako unalima kutoka kijito hiki mpaka kile, basi. Nani kati yetu amewahi kuweka jiwe? Yule mtaalamu alikuja na bikoni zake kwenye gari, nikamwambia, hayo mawe akina mama watayafanya mafiga. Watu walicheka, hata yeye alicheka."

Nami nilicheka. Nilipiga picha ukurasa ule, nikamwomba daftari lenyewe, nikateremka mlima nikikimbia. Mama Scholastica alikuwa akienda *ng'ambo* kila siku. Shamba liko ng'ambo ya kijito. Ng'ambo ya kijito ni Mahuka. Mahuka ni kijiji, na kijijini hakuna anayezuia mahindi. Ilikuwa rahisi kama hesabu ya darasa la tatu.

Bwana Hyasinti alisoma ukurasa mara mbili. Alichukua kofia yake, akasema, "Twende tukaone."

Tulishuka bondeni kwa njia ya miguu, yeye mbele. Tulipita nyumba ya mwisho ya mji, tukapita kibanda cha kukoboa kahawa kilichoachwa, tukaingia moja kwa moja kwenye mahindi ya Mama Scholastica. Hatukuvuka kitu. Nilidhani tumekosea njia. Tulitembea kando ya mashimo yake, shimo baada ya shimo, kila moja na kingo zilizosukwa vizuri, hadi tukafika mwisho wa shamba upande wa pili. Hapo ndipo tuliposikia maji.

Luhwani kilikuwa kinapita pale, cheupe na chenye kasi, na baada yake ndiyo Mahuka ilianza. Shamba lote lilikuwa nyuma yetu, upande wa mji.

"Mpaka ni kijito," alisema Bwana Hyasinti polepole. Alilifunga daftari. "Glorious, umenipa karatasi."

"Bosi, subiri kidogo, huenda—"

"Nilikuwa natafuta sababu ya kutofyeka. Ulijua hilo?" Hakuwa na hasira, na hilo lilinichoma zaidi. "Sasa ninayo karatasi yenye sahihi za wajumbe arobaini na mbili. Nikiiweka kabatini nijifanye sijaiona, siku itakapojulikana nitamwambia nini yule aliyefyeka mahindi yake nyuma ya nyumba?"

Siku iliyofuata mgambo mmoja, Pankras, alikuja akapiga alama ya rangi nyekundu kwenye mti wa mkuyu ulio pembeni mwa shamba. Ufyekaji ungekuwa Ijumaa.

Mama Scholastica alirudi Jumatano mchana na bodaboda, kabeba kikapu chake kitupu mapajani. Mtoto alikuwa mzima, Hilda alikuwa ameanza kukaa. Aliniambia hayo kabla hata ya kushuka, kwa furaha. Nilimsaidia kikapu. Nilimwambia nikiwa nimesimama, maana nilihisi nikikaa nitalia.

Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Umeenda ofisini na daftari."

"Ndiyo, mama."

"Na hukunisubiri."

"Nilitaka urudi ukute…"

Alivua kanga ya kichwani, akaikunja, akaiweka gotini. "Glorious, kijito hakikuwa kule. Kijito kilikuwa huku. Huku, kati ya shamba na mji. Nilikuwa nikivuka kwa gogo. Masika ya miaka mitatu iliyopita, maji yalishuka kutoka juu kwa Romanus kama yamefunguliwa. Yaliruka ukingo, yakapasua njia mpya upande wa Mahuka, na huku pakakauka. Mtu yeyote wa hapa anajua."

"Mbona unasema bado unakwenda ng'ambo?"

"Nimesema ng'ambo miaka arobaini. Ningesema nini?"

"Na ule mkondo wa zamani uko wapi? Mimi na Bwana Hyasinti tumepita pale. Hakuna mkondo, ni mashimo matupu."

Alinitazama kama mtu anayemtazama mtoto asiyejua kuwa moto unaunguza.

"Ningeliacha korongo wazi karibu na shamba langu? Lile jeraha? Nililiponya. Misimu miwili nilijaza majani na udongo, nikachimba ngolo juu yake, nikaunganisha na zile za zamani. Hata wewe umepita juu yake hukujua." Kwa muda mfupi sauti yake ilikuwa na fahari ya kazi, kisha ikazimika. "Nilifanya vizuri mno, eh?"

Sikulala vizuri, na alfajiri nilikuwa nimekwisha kupanda mlima kwa Mzee Romanus. Nilimkuta anapiga mswaki uani. Nilimweleza kwamba shahidi wa kueleza kijito kilipokuwa ni yeye, mwenyekiti aliyesaini. Alitema maji, akafuta mdomo taratibu.

"Wamahuka wengi wanajua. Waulize hao."

"Wamahuka watasemwa wanavutia kwao. Wewe ni mtu wa mji, mzee. Na ndiwe uliyesaini."

"Nikiulizwa kijito kilihama kwa nini?"

Hapo ndipo nilipoangalia vizuri uwanja wake. Kuzunguka nyumba yake mlima ulikuwa umesawazishwa. Viwanja kumi na kitu, vyote vimeuzwa, vyote vimepangwa kama ngazi, bila shimo hata moja. Maji ya mvua kutoka kwenye mabati yalikuwa yamechimba mifereji myekundu inayoelekea chini, bondeni.

"Hapa palikuwa na ngolo," nilisema.

"Za baba yangu." Aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Tulipokuwa mji, watu walitaka viwanja. Watoto wangu walitaka ada. Nilifukia. Unajua kwetu mtu anayefukia mashimo ya baba yake anaitwaje?"

"Sijui, mzee."

"Na sitakufundisha." Alicheka kidogo, bila furaha. "Unataka nisimame mbele ya Scholastica, mbele ya mgambo, niseme mimi ndiye niliyekataa bikoni kwa sababu kijito hakihami, halafu mimi ndiye niliyekihamisha."

Nilisema tu, "Kesho saa mbili wanafyeka, mzee. Shikamoo." Niliona aibu kwa kuamkia mara ya pili, nikaondoka.

Ijumaa tulikuwa shambani kabla ya saa mbili. Bwana Hyasinti alifika na mgambo watatu na mafyekeo. Watu walikuwa wameanza kujikusanya njiani, wengine wa mji, wengine wa Mahuka waliovuka kwa kulowa miguu. Mama Scholastica alimwamkia Mtendaji kama kawaida, akamwambia habari ya kijito. Mtendaji alisikiliza akitazama chini.

"Mama, kila mtu mwenye mahindi ananiambia habari."

"Basi nitakuonyesha."

Alitembea hadi upande wa mji wa shamba, akahesabu mistari ya mahindi kwa kidole, akasimama. Alishika bua la kwanza kwa chini, akaling'oa. Kisha la pili. Yalikuwa mahindi marefu, yenye vitumba vyenye nywele nyeupe, yaliyobakiza wiki tu kuwa ya kuchoma. Alipokwisha kung'oa kama hatua nne za upana, alichukua jembe akaanza kubomoa kingo za ngolo zake mwenyewe.

"Unafanya nini, Mama Scholastica?" mtu aliita kutoka njiani. "Mgambo wamekuja, wewe unawasaidia!"

"Mwache, anapunguza kazi," mwingine alisema, na watu wakacheka, kicheko kile cha wasiojua waweke wapi mikono.

Nilichukua jembe la pili. Sijui kuchimba, nilipiga jembe vibaya, nikajirushia udongo usoni. "Si hivyo," alisema bila kusimama. "Geuza kisigino cha jembe. Hivyo." Tulichimba. Udongo wa juu ulikuwa mweusi, mzuri, umejaa mizizi ya majani yaliyooza. Mtendaji alisogea.

"Mama, acha. Nimeamini."

"Umeamini wewe," alisema akihema. "Karatasi yako haijaamini."

Jembe langu ndilo lililogonga kwanza. Mlio ule haukuwa wa udongo. Mama Scholastica alipiga magoti, akafukua kwa viganja, akatoa kokoto za duara, laini, zilizosuguliwa na maji, na mchanga mweupe wa mto ukimiminika katikati ya vidole vyake. Alizitandaza juu ya ukingo mbele ya Mtendaji, moja moja, kama anayepanga mayai.

Hakuna aliyecheka tena. Pankras, yule mgambo, aliinama akachukua kokoto moja. "Hii ni ya mtoni, bosi," alisema. "Mlimani hakuna jiwe la namna hii."

"Naona," Mtendaji alisema. "Lakini mto unaweza kuwa ulipita hapa zamani za babu. Nani anasema ulipita hapa siku daftari lilipoandikwa?"

Kisha watu njiani walipisha. Mzee Romanus alikuwa anashuka na fimbo, amevaa koti lake la kanisani asubuhi ya Ijumaa. Hakuamkia mtu. Alikuja hadi kwenye shimo, akalitazama, akaelekeza fimbo.

"Gogo lilikuwa hapa. Mimi mwenyewe nililiangusha, mwaka huohuo wa mkutano, ili Scholastica, mke wa marehemu, avuke." Alinigeukia. "Andika, binti. Kijito kilipita hapa siku tuliyosaini. Kilihama masika ya miaka mitatu iliyopita. Kilihama kwa sababu mashimo ya juu yalifukiwa. Aliyeyafukia ni Romanus. Andika na jina."

Niliandika nikiwa nimechuchumaa, daftari juu ya goti. Alisaini. Mama Scholastica hakumwambia asante, wala hakumtukana. Aliokota mahindi machanga aliyoyang'oa, akachagua manne yaliyokuwa yamejaa kidogo, akampa. Mzee Romanus aliyapokea kwa mikono miwili, akaondoka nayo, akipanda mlima polepole sana.

Bwana Hyasinti aliwarudisha mgambo. Kabla hajaondoka alituita pembeni.

"Mimi siwezi kuhamisha mpaka, mama. Hilo liko juu yangu. Ninachoweza ni kuandika wilayani kwamba kuna mgogoro, waje watu wa ardhi wapime. Mpaka watakapokuja, hakuna atakayefyeka. Lakini hilo shimo libaki wazi. Ndilo ushahidi wenu."

Nilimshukuru kwa maneno mengi. Mama Scholastica aliuliza jambo moja tu.

"Watakuja lini?"

"Wiki hii. Ijayo, ikichelewa."

Hawakuja wiki ile. Sherehe ya miaka kumi ilifanyika Jumamosi ya mwisho, chini ya turubai, kwaya mbili na ngoma moja. Mgeni rasmi alipita barabarani, na sidhani kama aligeuza shingo kuangalia mahindi ya mtu yeyote. Historia yangu ilisomwa. Mahali nilipoandika habari ya kijito na viwanja palikuwa pameachwa sentensi moja tu: *mpaka wa magharibi unashughulikiwa*. Watu walipiga makofi. Nilikuwa nimekaa nyuma na Mama Scholastica, na badala ya kusikiliza, yeye alikuwa anatazama mawingu yanayokusanyika upande wa Litembo.

Mvua za mwisho za msimu zilikuwa mbaya. Kila ilipokatika nilishuka kupima shimo kwa fimbo. Siku ya kwanza lilikuwa hatua nne. Siku ya tatu lilikuwa sita. Maji kutoka kwenye viwanja vya juu yalikuwa yamelipata kama yanayokumbuka njia ya kwao. Kingo zilianza kumeguka, na mistari miwili ya mahindi yaliyobaki ilikuwa imeinamia ndani, mizizi nje.

"Nitafunga," Mama Scholastica alisema siku ya tano.

"Mama, tafadhali. Siku mbili. Nimempigia Bwana Hyasinti, anasema wako njiani."

"Siku mbili za nani? Zako au za mvua?"

"Tukifunga tutabaki na picha tu. Watasema picha ya shimo ni picha ya shimo popote pale. Ukishindwa, watapima viwanja mpaka hapa. Utapoteza shamba lote."

"Nikiacha wazi, watakuja wapime korongo." Alisema kwa upole, kama anayemfafanulia Hilda wake. "Shamba langu ndilo nililotaka, Glorious. Ushahidi nilikuwa nautaka kwa ajili ya shamba."

Nilitaka kubishana. Nilikuwa na hoja zote, nyingine nzuri. Lakini nilikumbuka mara ya mwisho nilipojua zaidi kuliko yeye kuhusu shamba ambalo sikuwahi kulikanyaga, nikanyamaza. Nilipima shimo kwa kamba, nikalichora, nikapiga picha kutoka pande nne huku kofia niliyoazima kwa Pankras ikiwa ndani yake kama kipimo. Nilijaza ndoo moja kwa kokoto. Kisha nikaenda kufyeka majani.

Tulifanya kazi siku tatu, na siku ya pili walikuja wanawake watano wa Mahuka na wawili wa mjini, bila kuitwa. Siku ya tatu, mchana, Mzee Romanus alituma mizigo mitatu ya majani kwa bodaboda. Mama Scholastica aliikagua, akasema majani ni mazuri, akayatumia. Kwenye kingo mpya tulipanda maharage, ingawa alisema tumechelewa mwezi mzima.

Watu wa ardhi walikuja Alhamisi iliyofuata, saa tano asubuhi. Walikuwa wawili, na gari la wilaya likabaki barabarani. Mkubwa wao alikuwa kijana wa umri kama wangu, jina lake Wilfred, na kifaa cha kupimia begani na viatu vyeusi vilivyong'arishwa. Bwana Hyasinti aliwaleta hadi shambani, akasimama, akaangalia kulia na kushoto.

"Liko wapi shimo?" Wilfred aliuliza.

"Lilikuwa hapa," nilisema. Nilimpa picha, mchoro, sahihi ya Mzee Romanus, nikamwonyesha ndoo ya kokoto. Nilizungumza haraka mno, nikijua ninavyosikika. Alipokea kila kitu kwa adabu, akaangalia karatasi, kisha akaangalia ardhi. Mbele yake palikuwa na ngolo nzuri tu, zimejaa maji matulivu, na vichomozo vya maharage viwili viwili juu ya kingo.

"Dada, ninakuelewa," alisema. "Lakini ninaandika ninachokiona. Ninachoona hapa ni shamba, na kijito kiko kule."

"Nilimwambia aliache wazi," Bwana Hyasinti alisema kwa sauti ya chini, kama anayejitetea kwa wote wawili.

Mama Scholastica alikuwa amekaa ukingoni, miguu kwenye majani, jembe mapajani. Hakusimama.

"Shikamoo zenu mnaweka wapi, watoto wa siku hizi?"

"Shikamoo, mama," Wilfred alisema haraka.

"Marahaba, baba. Kokoto unazitaka?"

"Ningeziona chini ya udongo mahali pake, mama, ningeandika. Huo ndio utaratibu."

"Ziko hapo ulipoweka mguu. Nimewafungulia mara moja, mvua ikanila mistari miwili. Leo sifungui." Alimnyoshea jembe, mpini mbele. "Wewe fungua. Uone, upime, uandike. Halafu utafunga kama ulivyokuta. Binti huyu atakuonyesha majani yanalala vipi. Naye ni wa ziwani, amejifunza juzi tu, hivyo usione aibu."

Yule mwenzake wa gari alicheka. Wilfred hakucheka. Alilitazama jembe, akaangalia maharage, akainua macho mlimani, kwenye mabati ya Mzee Romanus na mifereji ile myekundu inayoshuka kuelekea kwetu. Nilianza kuandaa maneno ya kumsihi.

Kisha alimkabidhi mwenzake kile kifaa, akaketi ukingoni karibu na Mama Scholastica, akaanza kufungua kamba za viatu.